Kiharusi Hakiumi, Ndiyo Maana Tunachelewa

Tumezoea kuyapa maumivu kipaumbele. Jino likiuma tunatafuta daktari, kifua kikibana nyumba nzima inasimama, mtoto akilia usiku kwa sikio hakuna anayesubiri kukuche. Kiharusi kinapita nje ya mazoea hayo. Wengi kinaowapata hawasikii maumivu hata kidogo. Mkono unakuwa mzito, ulimi unakuwa mzito, kona moja ya mdomo inashuka, na mwenyewe anasema, "Niko sawa, nimechoka tu, niacheni nijinyooshe kidogo." Ubongo ndio unaopokea habari za maumivu kutoka mwili mzima, lakini nyama yake yenyewe haihisi maumivu. Unaweza kukosa damu na kuanza kufa bila mwenye nao kusikia chochote.

Naandika hili kwa sababu elimu tunayopeana kuhusu kiharusi, pamoja na nia yake njema, inamlenga mtu asiyeweza kuitumia. Mabango na jumbe za simu humwambia msomaji azijue dalili ili ajiokoe. Kumbe anayepatwa na kiharusi ndiye shahidi dhaifu kuliko wote chumbani. Anayepaswa kufundishwa ni aliyekaa pembeni yake: mke, mume, mtoto, mfanyakazi mwenzake, jirani. Na huyo hahitaji kuzijua dalili tu. Anahitaji kufundishwa kuamua, tena kuamua kinyume cha maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya kusubiria. Mshipa wa damu ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na kumwaga damu ndani ya fuvu, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kuharibika papo hapo. Aina ya kuziba ndiyo inayowapata wengi zaidi. Mwaka 2006 Jeffrey Saver, bingwa wa magonjwa ya ubongo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipiga hesabu ya hasara hiyo: mshipa mkubwa ukiziba na asipatikane wa kuufungua, mgonjwa wa kawaida hupoteza seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Nusu saa ya "tumwangalie kwanza" ni zaidi ya seli milioni 50. Kasi hutofautiana, kwa kuwa baadhi ya watu wana mishipa ya pembeni inayoendelea kupitisha damu kidogo kwa muda. Lakini hakuna awezaye kulijua hilo kwa kumtazama mgonjwa kitandani, kwa hiyo halimpi mtu ruhusa ya kusubiri.

Sasa, kwa nini nasema mgonjwa ni shahidi dhaifu? Si kwa sababu ya ubishi wake wala uzee wake. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mara nyingi huharibu pamoja na nguvu za mkono wa kushoto ule uwezo wenyewe wa kutambua kwamba mkono una tatizo. Joseph Babinski, daktari wa Paris, aliieleza hali hii mwaka 1914: watu waliopooza upande mmoja ambao kwa moyo mweupe kabisa walikana kupooza. Ukimwambia mmoja wao ainue mkono, anaweza kukujibu kwamba tayari ameuinua, na mkono uko pale pale mapajani. Hakudanganyi. Sehemu ambayo ingemletea taarifa ndiyo iliyozimika. Ndiyo maana swali la "Baba, unajisikiaje?" halifai kuwa msingi wa uamuzi. Muulize ili kumliwaza na kusikia anavyotamka, lakini usilichukue jibu lake kuwa ndilo hukumu.

Na watu wa pembeni nao hupitiwa, hata wawe wasomi na wenye madaraka. Tarehe 23 Juni 1953 Winston Churchill, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipatwa na kiharusi mbele ya wageni katika dhifa aliyomwandalia kiongozi wa Italia, Alcide De Gasperi. Baadhi ya waliokuwapo walidhani amezidisha kinywaji. Kesho yake asubuhi aliongoza kikao cha baraza la mawaziri, na mawaziri waliokaa naye meza moja waliona tu kwamba amekuwa mweupe na mkimya kuliko kawaida yake. Chumba kizima cha watu waliozoea kumsoma mtu usoni kilimtazama mgonjwa wa kiharusi na kisimwone. Kama wale ilikuwa hivyo, sisi tusijilaumu kwa kutojua, ila tusiiachie bahati kazi ya kututambulishia.

Kipimo kinachotumiwa na wengi leo kilitungwa mwaka 1998 huko Newcastle, Uingereza, kwa ajili ya wahudumu wa magari ya wagonjwa. Kwa Kiswahili kinaweza kukaa katika maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Kukariri maneno hayo ni kazi ya dakika moja. Kukitumia vizuri ni jambo jingine, na hapa ndipo maelezo mengi yanakatisha njiani, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Tuanze na uso. Usimtazame akiwa ametulia, kwa kuwa nyuso nyingi hazilingani pande zote mbili hata kwa watu wazima wa afya. Mwambie akuoneshe meno yake yote. Upande wenye afya utavuta shavu juu. Upande ulioguswa utabaki nyuma, na ule mkunjo wa kutoka puani kwenda mdomoni utakuwa umesawazika kama nguo iliyopigwa pasi. Atakayekwambia kwamba uso ukilegea hadi kwenye paji basi ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa usoni na si kiharusi, anasema jambo lenye ukweli kitaalamu, lakini ukweli huo ni wa daktari aliye na vipimo. Nyumbani usiutumie kujipa moyo.

Mkono ndio unaohitaji umakini zaidi. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, kisha hesabu polepole hadi kumi. Usitegemee kuona mkono ukianguka ghafla. Udhaifu wa kiharusi mara nyingi ni mdogo na wa taratibu: kiganja kinaanza kugeuka kuelekea ndani, kidole gumba kikiongoza, halafu mkono wote unashuka kidogo kidogo bila yeye kujua, maana amefumba macho. Akiwa ameyafumbua angeuona ukishuka na kuurudisha juu. Nimeona watu wakiridhika kwa kumwambia mgonjwa awabane vidole vyao. Amebana kwa nguvu, wakasema yuko salama, na hakuna aliyetazama mkono wake ukielea.

Katika maneno tunasikiliza mambo mawili tofauti. La kwanza ni matamshi: mtu anaburura maneno kama aliyetoka kung'olewa jino. La pili ni maana, na hilo ndilo linalotupotea. Wapo wanaoongea kwa ufasaha, kwa lafudhi na mdundo wao ule ule, ila sentensi haina kichwa wala miguu, au wanakuita kwa jina la kitu. Wengine hawaelewi unachowaambia: unasema fumba macho, wao wanatabasamu tu. Familia hudhani mama amechanganyikiwa, au amelewa, au ana msongo wa mawazo. Mpe sentensi fupi ya kawaida airudie, kisha mpe amri mbili rahisi bila kumwonesha kwa ishara. Kosa katika lolote kati ya hayo linatosha.

Moja tu linatosha. Huhitaji uso na mkono na maneno yote kwa pamoja. Wengi husubiri dalili ya pili ije kuthibitisha ya kwanza, na hiyo ya pili inapofika ubongo umeshalipa gharama.

Kipimo hicho kina mapungufu, na ni vibaya kuyaficha. Kimejengwa kwa ajili ya mishipa ya mbele ya ubongo. Kiharusi cha nyuma, kinachogusa ubongo mdogo na shina la ubongo, kinaweza kumwacha mtu na uso ulionyooka na mikono yenye nguvu kamili huku hawezi kusimama bila kushikilia ukuta, dunia inazunguka, anatapika, anaona kila kitu viwili viwili. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky uliochapishwa mwaka 2017 uliwapitia wagonjwa wa kiharusi cha kuziba, ukakuta kwamba takriban asilimia 14 kati yao hawakuwa na dalili ya uso, mkono wala maneno. Walipoongeza mizani ya mwili na macho, waliobaki nje ya kipimo walishuka hadi asilimia 4 hivi. Kwa hiyo mtu aliyepoteza ghafla uwezo wa kutembea wima, au aliyepoteza ghafla uwezo wa kuona kwa jicho moja au upande mmoja, ahesabiwe vilevile. Na kuna kichwa. Nimesema kiharusi hakiumi, lakini damu ikimwagika juu ya ubongo huleta maumivu ya kichwa yanayofika kilele ndani ya sekunde chache, maumivu ambayo mwenyewe husema hajawahi kuyapata maishani. Hayo si kipandauso cha kutibiwa kwa vidonge na chumba chenye giza.

Neno linalobeba yote hayo ni ghafla. Mkono unaouma na kudhoofika kwa miezi unaweza kuwa na sababu nyingi. Mkono uliokuwa mzima saa moja iliyopita na sasa hauwezi kufunga kifungo ni dharura.

Nije kwenye kosa ambalo kwangu ni zito kuliko yote, nalo ni furaha tunayoipata dalili zinapopotea. Mdomo umepinda kwa dakika kumi, umerudi. Mkono ulikufa ganzi, umeamka. Watu wanashusha pumzi, wanacheka, wanampigia yule aliyekuwa njiani na kumwambia arudi. Kilichotokea ni kwamba bonge la damu lilipita, likakwama, likayeyuka au likasogea. Chanzo chake bado kipo, iwe ni mshipa wa shingoni wenye uchafu au moyo unaodunda bila mpangilio, na kinaweza kutuma bonge jingine. Hatari hiyo ni kubwa zaidi katika saa 48 za mwanzo. Watafiti wa Oxford walionesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa wa viharusi vya kupita na viharusi vidogo wakichunguzwa na kuanza dawa mapema badala ya kupangiwa foleni, hatari ya kupata kiharusi kingine ndani ya siku 90 hushuka kutoka asilimia 10.3 hadi asilimia 2.1. Ni magonjwa machache ambapo kuwahi kunaleta tofauti ya namna hiyo kwa dawa za kawaida tu. Kwa hiyo dalili iliyopotea ni nafasi tuliyopewa, na kumrudisha mtu kitandani ni kuitupa.

Turudi kwenye dakika kumi za kwanza, mahali uamuzi unapofanyika au unapokufa. Katika nyumba nyingi dakika hizo huliwa na simu za ndugu. Kila mmoja ana la kusema, na wengi wana dawa. Mmoja anasema apewe aspirini, kwa kuwa amesikia inazuia damu kuganda. Hilo ni kweli, lakini bila picha ya ubongo hakuna anayejua kama mshipa umeziba au umepasuka, na kwa aliyepasuka mshipa aspirini huongeza hatari ya kuvuja. Mwingine anasema ameze kidonge cha presha cha ziada. Presha ikiteremshwa kwa nguvu wakati mshipa umeziba, eneo la ubongo linaloponea kwa damu kidogo ya pembeni hupoteza hata hiyo kidogo. Wa tatu analeta maji. Kiharusi mara nyingi hulegeza misuli ya kumeza, na maji huishia mapafuni. Na kuna ule ujumbe unaozunguka kwenye simu miaka na miaka, kwamba umchome mgonjwa vidole kwa sindano mpaka vitoke damu. Hauna msingi wowote. Bonge liko kichwani. Damu ya kidoleni haiwezi kulitoa. Unachofanya ni kupoteza muda kwa uchungu wa mtu usiye na sababu ya kumwongezea.

Kinachofaa ni kidogo mno hadi kinaonekana kama kutofanya kitu. Mtu mmoja apige simu ya dharura au atafute gari. Mwingine akae na mgonjwa, amlaze ubavu akitapika au akipoteza fahamu, asimpe chochote mdomoni. Wa tatu aandike saa. Nasema aandike, siyo akumbuke. Saa inayotakiwa ni ile ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, ambayo si lazima iwe saa dalili zilipoonekana. Aliyelala saa nne usiku akiwa salama na kuamka saa kumi na mbili mkono haufanyi kazi, saa yake ni nne usiku. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano huamka tayari na kiharusi, na wengi wao huchelewa kwa kuamini kwamba muda umeshapita. Hilo nalo si kweli tena: kuna vipimo vya picha vinavyoweza kuonesha kama bado kuna ubongo wa kuokoa.

Saa ile iliyoandikwa ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa tiba. Dawa ya kuyeyusha bonge ilithibitishwa mwaka 1995 kwa wagonjwa waliofika ndani ya saa 3 tangu dalili kuanza. Mwaka 2008 muda huo ulionekana kuweza kusogezwa hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2015 tafiti kadhaa, ya kwanza ikitoka Uholanzi, zilionesha kwamba bonge kwenye mshipa mkubwa linaweza kuvutwa nje kwa mrija mwembamba unaopitishwa kutoka kinenani, na kufikia 2018 wagonjwa waliochaguliwa kwa picha waliruhusiwa kupata tiba hiyo hadi saa 24. Baadhi ya watu husoma namba hizi wakaona wana nafasi. Namba hizo ni mwisho wa mlango. Manufaa ya dawa ileile yakianza dakika ya 60 ni makubwa mno kuliko yakianza dakika ya 240.

Najua pingamizi linalokuja. Sehemu nyingi za dunia hospitali ya karibu haina mashine ya CT, ile ya kupiga picha ya ubongo, achilia mbali mrija. Haraka ya nini basi? Pingamizi hili ni la haki na linaumiza, na jibu lake la kwanza ni kwa wanaopanga bajeti za afya, si kwa familia. Lakini hata mahali pasipo dawa ya kuyeyusha bonge, mgonjwa anayewahi hupimwa sukari, na sukari iliyoshuka huigiza kiharusi kikamilifu na kutibika kwa dakika chache. Hupimwa uwezo wa kumeza kabla hajapata homa ya mapafu. Presha, joto na oksijeni yake hulindwa. Tafiti za wodi maalumu za kiharusi zimeonesha kwa miaka mingi kwamba uangalizi wa aina hiyo, wenye wauguzi na wataalamu wa mazoezi wanaojua wanachofanya, hupunguza vifo na ulemavu. Na yapo maandalizi ambayo hayahitaji mashine: ulizia leo, kabla ya dharura, ni hospitali ipi unayoweza kuifikia yenye picha ya CT saa zote. Kumpeleka mgonjwa kwanza kwenye kituo kisicho nayo, kisha kuhamishwa, ni njia ya kawaida sana ya kupoteza saa zile.

Wapo wanaoogopa kusumbua hospitali bure. Ikibainika ilikuwa kipandauso, kifafa au sukari, hakuna daktari mwenye akili atakayekasirika. Hata madaktari wenyewe hudanganyika mpaka waone picha.

Wala tusidhani haya ni ya wazee. Shirika la Kiharusi Duniani linakadiria kwamba mtu 1 kati ya 4 waliozidi miaka 25 atapatwa na kiharusi maishani mwake. Watoto wenye selimundu wamo hatarini tangu wadogo. Na chanzo kikubwa kuliko vyote, shinikizo la juu la damu, nacho hakiumi. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, alipimwa presha ya 186 kwa 108 mwaka 1944, wakati ambao hapakuwa na dawa ya maana ya kuishusha. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamikia maumivu makali kisogoni, akazimia, akafa siku hiyo hiyo. Sisi dawa tunazo, na bado wengi hatujui namba zetu.

Limebaki kundi moja ambalo kipimo cha mtu wa pembeni hakiligusi: wanaoishi peke yao. Kama una mzazi wa namna hiyo na unamsikia kwenye simu maneno yakiburuzika au majibu hayaendani na maswali, usimwambie akapumzike na usikate ili umpigie baadaye. Mbakize hewani, tumia simu nyingine kumtafuta jirani au huduma ya dharura. Ikiwezekana mwombe awashe video, aoneshe meno, anyooshe mikono. Na kama ni wewe uliye peke yako na mkono umegoma ghafla, piga simu kwanza huku sauti bado inatoka, uiweke kwenye spika. Kama unaweza kuufikia mlango, ufungue kufuli kabla miguu haijalegea, kisha keti sakafuni, usiendeshe gari, na subiri hapo hapo mlangoni watakapokukuta kwa urahisi.